Barua kwa Waziri: miaka 14 ya kifungu cha 6 cha sheria ya ndoa za jinsia moja Afrika Kusini

Kifungu cha 6 cha Sheria ya Muungano wa Kiraia ya Afrika Kusini, Na. 17 ya mwaka 2006, kilikuwa kifupi mno. Kilisema kwamba ofisa wa ndoa wa serikali anaweza kumjulisha Waziri wa Mambo ya Ndani kwa maandishi kuwa dhamiri, dini na imani yake vinamzuia kufungisha muungano wa watu wa jinsia moja, na akishafanya hivyo hatalazimishwa kuufungisha. Basi. Hakikutaja nani angefungisha badala yake, wala wanaotaka kuoana wangejuaje kabla ya kufika ofisini.

Kifungu hicho kilidumu tangu Novemba 2006 hadi Oktoba 2020. Wengi wanaoandika kuhusu ndoa za jinsia moja nchini humo husimulia hukumu ya Mahakama ya Katiba na kuishia hapo, kana kwamba mambo yalikwisha siku majaji walipotia saini. Mimi naona mgogoro wenyewe ulianzia pale. Haki ilikwisha kutolewa. Kilichobaki ni swali la nani aitekeleze, na nani abebe mzigo pale mtumishi wa serikali anaposema kwamba Mungu wake anamkataza.

Kwanza msingi wake. Kifungu cha 9 cha Katiba ya mwaka 1996 kinakataza ubaguzi, na katika orodha yake kimetaja mwelekeo wa kimapenzi. Maneno machache mbele, katika orodha hiyohiyo, kimetaja dini, dhamiri na imani. Walioandika Katiba waliwaweka chini ya paa moja mwanamume anayempenda mwanamume na mchungaji anayeamini kwamba kufanya hivyo ni dhambi, na hawakumpa yeyote kati yao daraja la juu ya mwenzake. Kila kilichofuata ni majaribio ya kuishi ndani ya nyumba hiyo.

Mahakama ya Katiba ilianza mapema. Mwaka 1998 ilifuta makosa ya jinai yaliyowahusu wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume wenzao. Mwaka 1999 ikaamua kwamba mwenza wa jinsia moja kutoka nje ya nchi ana haki za uhamiaji kama mke au mume. Mwaka 2002 zikaja hukumu za mafao ya mwenza wa jaji na za kuasili watoto. Wakati huohuo wanawake wawili wa Pretoria, Marié Fourie na Cecelia Bonthuys, waliokuwa pamoja tangu 1994, walikwenda Mahakama Kuu kuomba ndoa yao itambuliwe. Oktoba 2002 ombi lao lilitupwa. Novemba 2004 Mahakama ya Rufani iliyoko Bloemfontein iliwapa ushindi wa nusu: maana ya ndoa iliyojengwa na mahakama kwa miaka mingi ilipanuliwa, lakini kiapo kilichoandikwa katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 1961 kiliendelea kutamka mke na mume. Kwa hiyo walikuwa na haki ya kuoana bila maneno ya kisheria ya kuoania.

Tarehe 1 Desemba 2005 Mahakama ya Katiba ilimaliza utata huo. Jaji Albie Sachs, akiandika kwa niaba ya wenzake, alisema kuwanyima watu wa jinsia moja ndoa kunakiuka usawa na utu wao, akalipatia Bunge miezi 12 kurekebisha sheria. Bunge likishindwa, neno lisilobagua jinsia lingeingia lenyewe katika kiapo cha mwaka 1961. Jaji Kate O'Regan alitofautiana na wenzake katika jambo moja tu: hakuona sababu ya kusubiri. Kwake, Mahakama ingeongeza neno hilo siku ileile.

Makundi ya dini yalikuwamo mahakamani. Marriage Alliance of South Africa, lililoungwa mkono na Kardinali Wilfrid Napier wa Durban, na Doctors for Life International yalileta hoja zao kama marafiki wa mahakama, yaani wasio upande wowote wa kesi lakini wanaoruhusiwa kuisaidia mahakama kwa hoja. Yalidai kwamba ndoa kwa asili yake ni ya kidini na imejengwa juu ya uzazi, na kwamba kuibadilisha kungeingilia imani ya mamilioni. Sachs hakuwadharau. Aliandika kwa heshima kuhusu nafasi ya dini katika maisha ya nchi hiyo, kisha akaweka mpaka: imani ya dini ya baadhi ya watu haiwezi kuwa kipimo cha haki za kikatiba za wengine. Akaongeza kwamba hakuna kiongozi wa dini atakayelazimishwa kufungisha ndoa inayopingana na mafundisho yake. Hilo halikuwa jipya, kwani hata sheria ya mwaka 1961 ilikuwa na kinga ya namna hiyo.

Karibu na mwisho wa hukumu, hata hivyo, lipo wazo ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Sachs alisema kanuni ya kuvumiliana kwa kiasi kinachofaa ingeweza kutumiwa na Serikali ili maofisa wa ndoa wa kiserikali wenye pingamizi la dini la kweli wasilazimishwe kwenda kinyume na dhamiri zao. Mbegu ya kifungu cha 6 ni hiyo. Haikupandwa na wapinzani wa hukumu. Ilitoka ndani ya hukumu yenyewe.

Ukilisoma wazo hilo kwa utulivu utaona masharti mawili ndani yake. Anayevumilia ni Serikali, kwa hiyo Serikali ndiyo inayopaswa kulipa gharama ya uvumilivu huo. Pia ni kwa kiasi kinachofaa, maana yake lazima mtu apime: ofisi hii ina maofisa wangapi, nani mwingine yupo, raia atapoteza nini. Bunge lilipofika kuandika kifungu, masharti yote mawili yalianguka njiani.

Mwaka 2006 ulikuwa mgumu. Waziri wa Mambo ya Ndani, Nosiviwe Mapisa-Nqakula, alipeleka bungeni muswada ambao mwanzoni uliwapa watu wa jinsia moja ushirika wa kiraia, kitu kilicho pembeni ya ndoa. Vikao vya kukusanya maoni vilifanyika katika mikoa yote tisa. Makanisa mengi na viongozi wa jadi walipinga muswada kabisa. Mashirika ya watetezi wa haki yaliupinga pia kwa sababu iliyo kinyume: katika nchi iliyowahi kutenganisha watu hadi kwenye mabenchi ya bustani, walisema, usawa wa mlango wa pembeni hauwezi kuwa usawa. Septemba kulikuwa na maandamano, na mwezi huohuo Jacob Zuma, wakati huo akiwa naibu rais wa chama cha ANC, alisema hadharani katika Siku ya Urithi kwamba ndoa hizo ni fedheha kwa taifa na kwa Mungu. Aliomba radhi baadaye.

Hatimaye muswada ulibadilishwa ili wanaoungana wachague wenyewe kuitwa wanandoa au washirika, na sheria ikawa wazi kwa watu wote, wa jinsia moja na wa jinsia tofauti. Tarehe 14 Novemba 2006 Bunge liliupitisha kwa kura 230 dhidi ya 41. Mchungaji Kenneth Meshoe wa chama cha ACDP alikuwa sauti kubwa ya upinzani. Wabunge wa chama cha DA waliruhusiwa kupiga kura kwa hiari yao. Wale wa ANC waliamriwa kufuata msimamo wa chama. Jambo hili linanigusa kila ninapolisoma: mbunge wa ANC mwenye imani ya Kikristo au ya Kiislamu hakupewa nafasi ya dhamiri siku ya kura, lakini kwa kura hiyohiyo alimpa nafasi hiyo karani wa ofisi ya wilaya. Phumzile Mlambo-Ngcuka, aliyekuwa akikaimu urais, alitia saini, na sheria ikaanza kutumika tarehe 30 Novemba, siku moja kabla ya muda wa Mahakama kwisha. Afrika Kusini ikawa nchi ya tano duniani na ya kwanza Afrika. Mpaka leo ni hiyo pekee barani.

Sasa turudi kwenye kile kifungu. Kosa lake la kwanza ni kwamba kilichagua. Padri Mkatoliki anaamini kwamba aliyeachika hawezi kuoa tena wakati mwenzake yuko hai. Muumini wa namna hiyo anaweza kuwa ofisa wa ndoa wa serikali, na dhamiri yake ikamsumbua kila anapofungisha ndoa ya pili ya mtu aliyeachana. Kifungu cha 6 hakikumsaidia. Ofisa anayeamini kwamba Mkristo asioane na asiye Mkristo naye hakusaidiwa. Kati ya mapingamizi yote ambayo dini inaweza kuwa nayo juu ya ndoa, sheria ilitambua moja, lile linalowagusa watu wa jinsia moja. Kanuni ya kulinda dhamiri ingekuwa ya jumla. Inapolinda dhamiri dhidi ya kundi moja tu la raia, inaanza kufanana na ile orodha ya kifungu cha 9 ikisomwa kichwa chini miguu juu.

Halafu kuna suala la kupima. Neno la kisheria lilikuwa kumjulisha Waziri. Hakuwa akiombwa ruhusa. Ofisa aliandika barua, na barua ikatosha. Hakuna aliyetakiwa kuuliza kama pingamizi ni la kweli, kama ofisa huyo aliajiriwa kabla ya 2006 au baada yake, au kama yuko peke yake katika ofisi yake. Kwangu tarehe ya kuajiriwa ina uzito mkubwa. Aliyekuwa kazini mwaka 2005 aliingia katika kazi yenye maana moja na akaikuta imebadilika mikononi mwake, na hapo naona haki ya kumtafutia njia. Aliyeomba kazi mwaka 2015 aliijua sheria ya nchi kabla ya kujaza fomu. Kuwachanganya hawa wawili ni kumnyima wa kwanza hoja yake nzuri na kumzawadia wa pili asiyoistahili.

Lakini pengo kubwa lilikuwa lile la mbadala. Sheria ilimwondolea ofisa wajibu bila kuuhamishia kwa mtu mwingine. Katika jiji kama Johannesburg au Cape Town hilo halikuonekana sana, kwa sababu ofisa mmoja akikataa yupo wa meza ya pili. Katika mji mdogo wenye ofisi moja ya Mambo ya Ndani na ofisa mmoja wa ndoa, barua yake ilikuwa na maana kwamba hapo mjini sheria ya 2006 haipo. Anayetaka kuoana asafiri. Asipokuwa na nauli, asubiri. Na katika ofisi yenye maofisa wawili au watatu hakuna kilichozuia wote kuandika barua.

Waliandika wengi. Swali lilipoulizwa bungeni, wizara ilijibu kwamba maofisa wake 421 kati ya 1,130 walikuwa wamesamehewa, yaani zaidi ya theluthi moja. Kilichokusudiwa kuwa nafasi finyu ya mtu mmoja mmoja kilikuwa kimekuwa mpango wa ofisi.

Najua hoja ya upande wa pili, na sitaki kuipunguza, kwa sababu ni hoja ya watu wakweli. Wanasema: serikali ina uwezo wa kuwapanga watumishi wake. Ipange. Mweke mwenye pingamizi kwenye vyeti vya kuzaliwa na vitambulisho, mweke asiye nalo kwenye ndoa, na kila mtu ataondoka na amani yake. Kwa nini kumlazimisha mama mlokole wa miaka 50 achague kati ya mshahara na imani yake wakati mwenzake yuko tayari kuifanya kazi hiyo? Nakubaliana na sehemu kubwa ya hoja hii. Mtu aliyelazimishwa kutamka baraka za serikali huku moyo wake ukisema ni dhambi hawapi wanandoa siku njema. Tatizo ni kwamba hoja hiyo haikuwa ndani ya kifungu cha 6. Kifungu hakikumwambia Waziri apange chochote. Wanaoitetea sheria ile kwa hoja ya upangaji wanatetea sheria ambayo haikuandikwa.

Pia lazima tutenganishe watu wawili ambao mjadala huu hupenda kuwachanganya. Mchungaji au imamu anafungisha ndoa kwa mamlaka ya dini yake, na serikali inamtambua. Karani wa Mambo ya Ndani hana mamlaka mengine isipokuwa ya Jamhuri. Raia anayekataliwa na kanisa anabaki na serikali. Anayekataliwa na serikali hana pa kwenda. Sheria ya 2006 ililielewa hili vizuri upande wa dini: chini ya kifungu cha 5, dhehebu lenyewe ndilo huomba kuingizwa, na lisipoomba hakuna anayeligusa. Hiyo ni kinga imara, na kufutwa kwa kifungu cha 6 hakukuigusa hata kidogo, ingawa wahubiri kadhaa waliwatisha waumini wao kwamba kutaigusa.

Hata hivyo ndani ya makanisa mambo hayakuwa rahisi. Ecclesia de Lange, mhudumu wa Kanisa la Methodisti, alilieleza kanisa lake mwishoni mwa 2009 kwamba ataoana na mwanamke mwenzake, na akaondolewa katika huduma. Shauri lake lilifika Mahakama ya Katiba, na Novemba 2015 akashindwa. Majaji walisema alipaswa kwanza kumaliza njia ya usuluhishi ya kanisa, na kwamba dai la ubaguzi lilikuwa na mahakama yake maalumu. Walikwepa kwa makusudi kumfundisha mchungaji theolojia. Mwaka huohuo kanisa la NG Kerk, la Kireformati lenye asili ya Kiholanzi, ambalo zamani lilitafuta katika Biblia uhalali wa ubaguzi wa rangi, liliamua kuwaruhusu wachungaji wake kubariki miungano ya jinsia moja, kisha Novemba 2016 likajirudi. Waumini, akiwamo mchungaji Laurie Gaum, walilishtaki, na Machi 2019 Mahakama Kuu ya Pretoria ikabatilisha kule kujirudi. Hukumu hiyo inanitia wasiwasi zaidi kuliko kufutwa kwa kifungu cha 6. Pale jaji aliingia sebuleni kwa kanisa. Kifungu cha 6 kilihusu meza ya serikali peke yake.

Tena dini haikuwa upande mmoja. Askofu Mkuu Desmond Tutu alisema mwaka 2013 kwamba hawezi kumwabudu Mungu anayewachukia mashoga. Kila anayeuita mgogoro huu vita kati ya waumini na wasioamini anamfuta Tutu, na anawafuta waumini wengi wanaopenda watu wa jinsia yao ambao walitaka kuoana mbele ya Mungu wao kwanza na mbele ya Waziri baadaye.

Nchi nyingine zilipita njia zake. Uingereza, msajili wa Islington aliyekataa kuandikisha miungano ya jinsia moja kwa sababu ya Ukristo wake alishindwa hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Januari 2013. Marekani, karani wa Rowan County, Kentucky, Kim Davis, alikaa mahabusu siku tano Septemba 2015 kwa kukaidi amri ya jaji, na mwaka uliofuata jimbo likaondoa jina la karani kwenye fomu ya leseni ya ndoa. Ufumbuzi huo wa Kentucky naupenda kwa udogo wake: aliyesema hataki jina lake liwepo hakuwekewa jina, na leseni zikaendelea kutoka.

Afrika Kusini iliamua kufuta. Mbunge Deidre Carter wa chama kidogo cha COPE alipeleka muswada binafsi mwaka 2018, jambo lisilo la kawaida kwa upinzani mdogo kufanikiwa nalo. Bunge liliupitisha Desemba mwaka huo, Baraza la Taifa la Mikoa likaupitisha Julai 2020, na Rais Cyril Ramaphosa akatia saini Oktoba 2020. ACDP ilipinga, na shirika la Freedom of Religion South Africa lilitaka kinga ibaki kwa sharti la upangaji. Walichopewa ni muda: waliokwisha kusamehewa walipata kipindi cha mpito cha miezi 24, na Waziri akatakiwa kuhakikisha kila ofisi ina mtu wa kufungisha ndoa hizo.

Wajibu ule uliokosekana mwaka 2006 ukaandikwa hatimaye, katika sheria ileile iliyoifuta kinga. Mimi ningeuandika siku ya kwanza, na nadhani ungeandikwa siku ya kwanza, mama yule mlokole angekuwa bado na nafasi yake. Ofisi ambazo hakuna mtu wa kufungisha ndoa ndizo zilizompa Carter hoja isiyojibika. Serikali ilikuwa na miaka 14 ya kuzijaza kwa uhamisho wa kawaida wa watumishi, na haikufanya hivyo. Waliolipa kwanza ni waliotaka kuoana. Waliolipa baadaye ni wenye dhamiri.

Mwaka 2023 serikali ilipeleka bungeni Muswada wa Ndoa unaokusudia kuweka chini ya sheria moja ndoa za 1961, ndoa za kimila zinazotambuliwa tangu 1998, na miungano ya 2006. Viongozi wa dini wamerudi na swali lao la zamani kuhusu nani atalazimishwa kufungisha nini, na wabunge watakaouandika upya wanayo mezani maandishi ya kifungu cha 6 pamoja na ile hesabu ya maofisa 421.